Maisha ya George Washington Carver: Funzo Kuhusu Utafiti wa Wanafunzi

Neno utafiti huwatisha wanachuo wengi. Wapo wanaodhani kwamba utafiti ni kazi ya mabingwa wa vyuo vikuu peke yao, na kwamba mtoto wa darasa la nne hawezi kutafiti bali kukariri tu yaliyotafitiwa na wengine. Wapo pia wanaokubali kwamba mtoto aweza kutafiti, lakini huugawa utafiti wake katika visanduku: huu ni wa sayansi, ule ni wa ufundi, wa tatu ni wa sanaa, na mambo ya siasa yaachiwe watu wazima. Fikra zote mbili zina madhara katika ufundishaji. Tumeona yafaa kuzijadili kwa kutazama maisha ya mtu mmoja ambaye swali lake la utotoni lilimpeleka katika fani hizo zote, na ambaye baadaye, akiwa mwalimu, aliwaongoza wengine katika njia hiyo hiyo. Mtu huyo ni George Washington Carver.

Jina lake hutajwa mara nyingi kuhusiana na karanga. Sisi hapa hatutashughulika sana na karanga. Tutamtazama kwanza kama mwanafunzi, kisha kama mwalimu, na mwisho tutaeleza yale ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuyachukua kutoka kwake na yale anayopaswa kuyaepuka.

Utoto wake

Carver alizaliwa utumwani karibu na mji mdogo wa Diamond, katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, kama ilivyokuwa kwa watumwa wengi, ila hukisiwa kuwa 1864 au karibu na hapo. Angali mtoto mchanga, wanyang'anyi walimteka yeye pamoja na mama yake, Mary. Mtoto alipatikana na kurudishwa. Mama hakuonekana tena. Utumwa ulipokomeshwa nchini humo mwaka 1865, yeye na kaka yake Jim walilelewa na mume na mke waliokuwa wakimmiliki mama yao, Moses na Susan Carver, na ndiko alikopata jina lake la ukoo.

Kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, hakupewa kazi nzito za shamba. Alibaki nyumbani akajifunza kupika, kufua na kushona. Muda uliosalia aliutumia msituni, akikusanya mawe, wadudu na mimea. Alikuwa na bustani yake ndogo iliyofichika, na humo alijaribu kuiponya mimea iliyonyauka kwa kuibadilishia udongo, maji na kivuli. Majirani walipoona hivyo wakaanza kumletea mimea yao iliyougua. Hakuna mwalimu aliyekuwa amemwagiza kufanya hayo. Lilikuwa ni swali lake mwenyewe: kwa nini mmea mmoja hustawi na mwingine hufa?

Shule iliyokuwa karibu haikuwapokea watoto weusi. Akiwa bado mdogo alihamia mji wa jirani wa Neosho ili asome, akakaa kwa mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, aliyekuwa na ujuzi wa miti ya dawa. Baadaye alivuka kuingia jimbo la Kansas. Huko, katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, alishuhudia mtu mweusi akiuawa na kundi la watu bila kuhukumiwa, akauhama mji ule. Kwa miaka mingi alitangatanga kutoka mji hadi mji, akifua nguo za watu ili apate karo na chakula. Mwaka 1885 chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana rangi yake alikataliwa mlangoni. Hayo tunayataja kwa makusudi. Utafiti wa mwanafunzi huyu haukufanyika katika hali ya utulivu, wala siasa haikungoja mpaka awe mtu mzima ndipo imguse.

Brashi na mmea

Mwaka 1890 Carver alipokelewa katika Chuo cha Simpson, mjini Indianola, jimbo la Iowa. Alikwenda kusoma uchoraji na muziki. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona upesi kwamba kijana huyu alikuwa na kipaji cha kweli. Aliona pia jambo la pili: picha zake bora zilikuwa za mimea, na mimea aliyoichora aliijua kwa undani, kuanzia mizizi hadi chavua. Baba wa mwalimu huyo alikuwa akifundisha kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo kilichoko Ames, katika jimbo hilo hilo. Etta Budd alimshauri Carver aende huko akasome sayansi ya mimea.

Ushauri huo wapaswa kutazamwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja ulikuwa ushauri wa mwalimu aliyemchunguza mwanafunzi wake vizuri, akatambua swali lililokuwa nyuma ya picha. Kwa upande mwingine ulitokana na hofu kwamba katika nchi ile mtu mweusi asingeweza kupata riziki kwa brashi. Hivyo Carver alilazimika kuchagua, na uchaguzi wenyewe haukuwa huru kabisa. Hapana shaka ulimuuma.

Hata hivyo hakuiacha sanaa. Alipoingia Ames mwaka 1891, akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza chuoni hapo, aliendelea kuchora wakati alipojifunza kutumia hadubini. Mwaka 1893 picha yake ya mimea ya nyika ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Chicago na kupata cheti cha heshima. Aidha alishiriki katika chama cha mijadala cha wanafunzi, na akapanda cheo katika kikosi chao cha mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1894 alihitimu shahada ya kwanza, na tasnifu yake ilihusu jinsi binadamu anavyoibadilisha mimea kwa kuunganisha vikonyo na kwa kuchanganya mbegu za aina mbili. Alibaki chuoni kama msaidizi wa profesa Louis Pammel, akakusanya na kuchunguza kuvu zinazoleta magonjwa ya mimea, hadi alipopata shahada ya pili mwaka 1896.

Jicho lililozoezwa kuchora ndilo lililoona doa dogo juu ya jani ambalo wengine walilipita. Mkono uliozoea brashi ndio ulioweza kuunganisha kikonyo bila kukiumiza. Sanaa ilikuwa mojawapo ya vyombo vyake vya kutafitia.

Maabara ya makopo

Mwezi Oktoba 1896 Carver alifika Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kwa mwaliko wa Booker T. Washington, aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1881 kwa ajili ya elimu ya watu weusi. Hapa yafaa tueleze kidogo desturi ya mahali penyewe, kwani Carver aliikuta tayari imeshika mizizi.

Wanafunzi wa Tuskegee walijenga chuo chao wenyewe. Walifyatua matofali, na tanuru zao tatu za kwanza ziliharibika kabla ya ya nne kufaulu. Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo maarufu cha teknolojia cha Massachusetts mwaka 1892, alichora ramani za majengo na kuwafundisha wanafunzi kuchora, na wanafunzi hao hao wakayasimamisha. Washington alisisitiza kwamba masomo ya darasani yashikamane na kazi za karakana: hesabu itoke katika vipimo vya seremala, na insha itoke katika kazi iliyofanyika siku ile. Walimu wengine wa darasani hawakulipenda agizo hilo, kwani lilivuruga mpango waliouzoea. Tanuru iliyobomoka mara tatu ilikuwa ni utafiti wa uhandisi, ijapokuwa hakuna aliyeuita hivyo. Kila mara ilibidi wanafunzi waulize: kosa liko katika udongo, katika upangaji, au katika moto?

Carver hakukuta maabara. Yeye na wanafunzi wake waliokota chupa, makopo na mifuniko ya sufuria majalalani, wakavigeuza kuwa vyombo vya majaribio. Mwaka 1897 kilianzishwa kituo cha utafiti wa kilimo, na ardhi kiliyopewa ilikuwa imechoka. Pamba ilikuwa imelimwa humo mwaka hadi mwaka mpaka rutuba ikaisha, na mvua ikakata makorongo. Wakulima wa jirani, wengi wao wakiwa watu weusi waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, hawakuwa na fedha za kununua mbolea. Basi swali la utafiti lilikuwa hili: je, udongo uliochoka waweza kuponywa bila fedha? Wanafunzi walikusanya majani yaliyooza na matope ya kinamasi, wakapanda kunde na mimea mingine ya jamii hiyo, wakalinganisha kishamba na kishamba. Katika mizizi ya kunde na karanga mna vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuirudisha udongoni. Karanga ilianza hivyo, kama dawa ya udongo. Mapishi yakafuata baadaye. Mdudu aharibuye vitumba vya pamba alipoingia Alabama karibu na mwaka 1910, majaribio hayo yalikuwa tayari yamefanywa.

Kutoka udongo ule ule kulizuka utafiti wa aina nyingine. Udongo wa mfinyanzi wa Alabama una rangi nyingi, nyekundu, njano na nyeupe. Carver alitengeneza rangi kutokana nao, na mwaka 1911 akatoa kijitabu cha kuwafundisha wakulima maskini kupaka nyumba zao kwa udongo wa mahali pao. Mchoraji aliyenyimwa riziki ya brashi alikuwa amerudi kwa njia ya kuta za vibanda. Hali kadhalika mwaka 1906 palitengenezwa gari la kukokotwa na wanyama, lililosheheni mbegu, majembe ya kisasa na vyombo vya kuchunguzia maziwa. Gari hilo, lililogharimiwa na Morris Jesup wa New York, liliwafuata wakulima walikoishi. Aliyelisimamia alikuwa Thomas Campbell, kijana aliyesoma hapo hapo Tuskegee. Hivyo mtafiti mwanafunzi alikuwa mwalimu wa wakulima.

Wanafunzi na njia zao

Alama ya mwalimu huonekana katika tofauti za wanafunzi wake kuliko katika kufanana kwao. Alipokuwa Ames, Carver alizoea kwenda matembezi ya mimea na mtoto mdogo wa mwalimu mmoja wa chuo, jina lake Henry A. Wallace. Walitazama pamoja maua ya nyasi na sehemu zake. Mtoto yule alipokua alifanya majaribio ya mahindi chotara, akaanzisha kampuni ya mbegu mwaka 1926, akawa waziri wa kilimo wa nchi yake mwaka 1933 na makamu wa rais kuanzia 1941 hadi 1945. Sayansi na siasa zilikutana katika ua la nyasi.

Tuskegee nayo ilitoa watu wa kila namna. Campbell tumekwisha kumtaja. Claude McKay, mshairi kutoka Jamaika, alipita hapo mwaka 1912. Ralph Ellison aliingia mwaka 1933 kusoma muziki, akaondoka 1936. Mwaka 1952 alitoa riwaya iliyojipatia sifa kubwa, na ndani yake mna picha ya chuo kinachofanana sana na kile alichosoma, iliyochorwa bila huruma. Chuo kinachowafundisha wanafunzi kuchunguza hakiwezi kuwazuia wasikichunguze chenyewe.

Siasa na ukimya wake

Mwezi Januari 1921 Carver aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikijadili ushuru wa bidhaa za kigeni, karanga zikiwamo. Alipewa dakika kumi. Alifungua sanduku lake na kuonyesha kimoja baada ya kingine vitu vilivyotengenezwa kwa karanga, na wajumbe, ambao baadhi yao walianza kwa mzaha, wakamwongezea muda mara kwa mara. Sheria iliyopitishwa mwaka 1922 iliwalinda wakulima wa karanga.

Lakini mtu huyo aliyesikilizwa na Bunge alirudi katika jimbo ambalo katiba yake ya mwaka 1901 iliwanyang'anya karibu watu weusi wote haki ya kupiga kura. Juu ya hilo Carver hakusema mengi hadharani. Wakati huo huo, kule Atlanta, W. E. B. Du Bois aliongoza tangu 1897 uchunguzi wa kila mwaka kuhusu hali ya watu weusi: makazi yao, kazi zao, shule zao. Hapo wasomi walitafiti moja kwa moja yale ambayo Tuskegee iliyakwepa. Mwaka 1903 Du Bois aliulaumu waziwazi mwelekeo wa Washington, kwamba uliwaandaa watu kwa kazi huku ukiwaacha bila haki.

Mgogoro huo watuhusu sisi pia. Mawazo ya shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani yalifika Afrika Mashariki kupitia tume ya Phelps-Stokes iliyozuru mwaka 1924, na mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kwa ajili ya kuwaandaa walimu wa kuzitembelea shule za vijijini. Wazazi wengi wa Kiafrika walizishuku shule za jembe, wakiona kwamba watoto wa watawala hawafundishwi hivyo. Shaka yao ilikuwa na msingi. Jembe lililo mkononi mwa mtoto asiyeruhusiwa kuuliza swali ni utumishi tu, hata likiitwa elimu. Kinachotofautisha bustani ya Carver na kazi ya adhabu ni lile swali: kwa nini kishamba hiki kimezaa na kile hakikuzaa? Na mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya udongo ataweza kesho kuuliza udongo huo ni mali ya nani.

Dosari zake

Haitakuwa haki kumsifu bila kueleza mapungufu. Carver hakuwa mwandishi mzuri wa kumbukumbu. Mamia ya matumizi ya karanga yanayohesabiwa kwa jina lake mengi hayana maelezo yaliyoandikwa ya jinsi yalivyotengenezwa, na mengine yalikuwa mapishi yaliyojulikana tayari. Watu humtaja kuwa ndiye aliyebuni siagi ya karanga, sivyo. Hataza alizopata zilikuwa tatu tu, nazo zilihusu vipodozi na rangi. Aidha aligombana na Washington mara nyingi kuhusu usimamizi wa mifugo na taarifa zilizochelewa. Alipofariki tarehe 5 Januari 1943, akiisha kuachia akiba yake yote kwa jumba la makumbusho na mfuko wa utafiti hapo Tuskegee, sehemu kubwa ya ujuzi wake ilikwenda naye kaburini. Mwaka 1947 moto uliunguza jumba hilo la makumbusho pamoja na nyingi za picha zake.

Mafunzo kwa mwalimu

Mwaka 1910 Carver alitoa kijitabu kwa walimu wa shule za vijijini kuhusu bustani ya shule na uchunguzi wa mazingira. Kwa kufuata njia yake tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwalimu aanze na kitu kimoja kilicho karibu, kama vile udongo wa kiwanja cha shule, na awaache wanafunzi wamletee maswali yao kabla ya yeye kuwapa yake. Maswali hayo yatatofautiana. Mmoja atauliza kwa nini maji hutuama hapa. Mwingine kwa nini udongo huu ni mwekundu. Wa tatu kama waweza kufinyanga chungu. Wa nne kwa nini kiwanja cha shule kimepunguzwa na nani aliamua hivyo. La kwanza laelekea uhandisi, la pili sayansi, la tatu sanaa, na la nne siasa. Yote manne yatoka katika koleo moja la udongo, na hakuna lililo dogo.

Pili, mwalimu asimhamishe mwanafunzi kutoka fani aipendayo kabla ya kuitazama kazi yake vizuri. Mtoto anayechora daftarini wakati wa somo la sayansi huenda anachunguza kuliko wenzake. Apewe jani alichore na aulizwe idadi ya mishipa yake.

Tatu, ukosefu wa vifaa usiwe kisingizio. Chupa na makopo vyapatikana kila kijiji. Lakini kopo halileti utafiti lenyewe. Lazima pawe na vishamba viwili vinavyotofautiana kwa jambo moja tu, ili wanafunzi waweze kulinganisha.

Nne, kila kitu kiandikwe: tarehe, kipimo, kilichofanyika, kilichotokea, hata kilichoshindikana. Katika jambo hili tusimwige Carver. Daftari la darasa libaki shuleni ili wanafunzi wa mwaka ujao waanzie pale wenzao walipoishia.

Mwanachuo atakayekwenda katika mazoezi ya kufundisha na ajaribu jambo hili kwa muhula mmoja tu, na darasa moja. Asihesabu mafanikio yake kwa wingi wa majibu yaliyofanana ubaoni. Ahesabu aina za maswali ambazo wanafunzi wake hawakuwa nazo walipoanza muhula.